Kusoma saketi za pampu ya joto ya nyumbani: volti 24 za amri, volti 240 za kazi

Fungua kifuniko cha pampu ya joto iliyosimama nje ya nyumba ya Marekani, utakuta nyaya za aina mbili. Nene, nyeusi mbili au nyeusi na nyekundu, zinatoka kwenye breka. Nyembamba za rangi rangi, tano hivi, zinatoka kwenye mashine ya ndani. Nene zimebeba volti 240 na ndizo zinazozungusha kompresa. Nyembamba zimebeba volti 24 na kazi yao ni kutoa amri tu. Mchoro uliobandikwa nyuma ya kifuniko unatisha kwa sababu umezimwaga zote kwenye karatasi moja. Zitenganishe: kwanza fuata amri inavyosafiri, kisha fuata nguvu.

Tunazungumzia hapa mfumo wa kawaida wa mabomba ya hewa: mashine ya nje yenye kompresa, feni na vali ya kugeuza, na mashine ya ndani yenye feni ya kusukuma hewa pamoja na hita za umeme za akiba. Unapoza Julai na kupasha joto Januari. Kwa aliyezoea AC ya Dar au Mombasa ni mashine ileile, ila gesi inaweza kugeuzwa njia. Kusoma saketi ni haki ya kila mwenye nyumba. Kugusa volti 240 ni kazi ya fundi mwenye leseni katika majimbo mengi, na kufungua gesi kunahitaji cheti cha EPA (shirika la mazingira la serikali ya Marekani) cha kifungu cha 608.

1. Zima mara mbili, pima mara tatu

Mashine ya nje ina breka yake na ya ndani ina yake. Ya ndani yenye hita kubwa huwa na mbili. Ukizima ya nje pekee, nyaya nyembamba za nje bado zina volti 24, maana transfoma iko ndani. Ukizima ya ndani pekee, amri imekufa lakini volti 240 bado zimesimama kwenye kontakta ya nje (swichi kubwa ya kuwasha kompresa) zikikungoja. Zima zote, kisha chomoa kipande kilicho kwenye kisanduku kidogo cha ukutani karibu na mashine ya nje. Kisanduku hicho ni takwa la kanuni za umeme za Marekani: lazima kionekane ukiwa umesimama penye mashine, ili asitokee mtu wa kuwasha breka gereji huku mkono wako umo ndani.

Hapa ndipo fundi aliyejifunzia Afrika Mashariki anaponaswa. Kule volti 230 ni laivu moja na nyutro. Huku volti 240 ni laivu mbili, L1 na L2, kila moja ikiwa na volti 120 hadi ethi, na kwenye mashine ya nje kwa kawaida nyutro haipo kabisa. Sasa angalia kontakta. Nyingi za mashine za nyumbani ni za mguu mmoja: L1 inakatwa, L2 imepita moja kwa moja kwenye kipande cha chuma. Kwa hiyo kompresa ikiwa kimya kabisa, bado waindi zake (nyaya zilizosokotwa ndani ya mota), kapasita yake (kopo linaloshika chaji) na feni yake vina volti 120 hadi ethi. Ukishika kapasita kwa kuwa tu "mashine imezima", umeshika laivu.

Tumia multimita ya daraja la usalama la CAT III volti 600 au zaidi. Testa ya kalamu isiyogusa waya haitoshi kuthibitisha kwamba umeme umekatika. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, pima mashine, kisha rudi upime pale pa kwanza, maana multimita iliyokufa nayo husoma sifuri. Kwenye mashine pima L1 na L2, L1 na ethi, L2 na ethi. Zote ziwe sifuri.

Mtego mwingine unakuja wakati wa kutafuta hitilafu umeme ukiwa umewashwa. Laivu moja imekatika, labda waya umeungulia kwenye kisanduku. Kontakta imefunga, yaani inapitisha umeme. Unapima L1 hadi ethi, 120. L2 hadi ethi, 120. Unasema umeme upo, kosa ni kompresa. Kumbe ile laivu iliyo hai inapenya kwenye waindi za kompresa na kutokea upande wa pili. Pima kati ya L1 na L2: sifuri. Kipimo cha kuamini ni hicho cha kati yao, kile cha ethi ni cha kuongezea.

Mwisho kabisa, kapasita. Inashika chaji hata baada ya umeme kukatwa. Gusisha rezista ya omu 20,000 ya wati 5 kati ya terminali zake C (komoni) na HERM (ya kompresa), kisha C na FAN (ya feni), sekunde chache kila moja, halafu pima. Wengine hupiga shoti kwa bisibisi. Inafanya kazi, na pia inachoma terminali na kurusha cheche usoni.

2. Soma kibandiko kabla ya kulaumu breka

Kwenye bati la mashine ya nje tafuta vifupisho viwili vya maana: MCA na MOCP. MCA ni ampia za chini ambazo waya lazima uweze kubeba. MOCP ni breka kubwa kuliko zote inayoruhusiwa. Chukua mfano wa mashine yenye MCA 18 na MOCP 30. Waya wa shaba wa namba 12 (kipimo cha unene cha Marekani) unatosha, na breka ya ampia 30 ni halali. Aliyezoea sheria ya "namba 12 ni breka ya 20" atashtuka, lakini hapa mtu hajakosea. Kompresa ina kinga yake ya ndani dhidi ya mzigo kupita kiasi. Breka imewekwa kwa ajili ya shoti, na lazima ivumilie ule mkupuo wa ampia kompresa inapoanza. Ukiweka breka ya 20 itaanguka kila kukiwa na joto kali, na utabadilisha kompresa isiyo na kosa. Kuweka 40 kwa sababu 30 inaanguka ni kosa kubwa zaidi.

Kibandiko pia huandika volti 208/230. Mashine nyingi za namna hii huvumilia kati ya 197 na 253. Pima zikiwa zinafanya kazi, maana volti za mashine iliyozimwa hazikuonyeshi waya uliolegea.

3. Transfoma, fyuzi na herufi za themostati

Ndani ya mashine ya ndani kuna transfoma inayoshusha volti 240 hadi 24. Ya kawaida ni ya VA 40 (volti mara ampia), yaani ampia 1.67 basi. Upande wa volti nyingi ina waya wa 208 na wa 240. Chagua kulingana na umeme wa jengo. Ukiunga kwenye ule wa 240 katika jengo la ghorofa lenye volti 208, utapata volti 20 na ushei badala ya 24, na kontakta itatetemeka badala ya kufunga vizuri. Kwenye bodi kuna fyuzi ya bledi kama ya gari, ampia 3 ya zambarau au 5 ya hudhurungi.

Herufi hizi, zilizo kwenye themostati (kidhibiti joto cha ukutani) na kwenye bodi, ndizo lugha yote ya mfumo:

- R: volti 24 zinazotoka kwenye transfoma.
- C: komoni, njia ya kurudia. Bila C hakuna saketi iliyokamilika.
- Y: iite kompresa. Y2 ni hatua ya pili kama ipo.
- G: iite feni ya ndani.
- O au B: geuza vali. O hupewa umeme wakati wa kupoza, B hupewa umeme wakati wa kupasha joto.
- W, W2 au AUX: washa hita za umeme.
- E: hita peke yake, kompresa ipumzike.

Rangi huwa zinafuata desturi, R nyekundu, Y njano, G kijani, W nyeupe, O chungwa, lakini usiziamini. Fuata herufi kwenye pande zote mbili za waya. Kosa la bluu ndilo linalouma: waya wa bluu umezoeleka kuwa C, lakini mwingine aliona B akaunga bluu hapo. Kuna mashine za zamani ambazo B yenyewe ndiyo komoni. Themostati mpya ikiunganishwa hapo kwa kufikiri ni ya vali, inatuma R moja kwa moja kwenye C mara tu joto linapoitwa. Fyuzi inaondoka, au kama hakuna fyuzi, transfoma yenyewe.

Kutoka themostati hadi mashine ya ndani vuta waya wa 18/8, nyuzi nane za namba 18, hata kama leo unatumia sita. Kwenda nje unahitaji tano: R, C, Y, O na W. Watu hujiuliza W inakwenda nje kufanya nini wakati hita ziko ndani. Jibu liko kwenye kuyeyusha barafu, hapo chini.

4. Fuata Y hatua kwa hatua

Nyumba ni baridi, themostati imeita joto, feni ya ndani inazunguka, mashine ya nje kimya. Kabla ya kufungua chochote ngoja dakika 5. Themostati na bodi ya nje vina saa ya kuchelewesha, ili kompresa isianze tena kabla shinikizo la gesi halijatulia.

Bado kimya? Weka kipimo kwenye volti za AC (hapa ni mkondo geu, si kiyoyozi). Ncha nyeusi ibaki kwenye C, nyekundu isafiri:

1. R ya transfoma. Tarajia 24 hadi 28.
2. Upande wa pili wa fyuzi.
3. Y kwenye terminali za mashine ya ndani. Hakuna kitu? Themostati haijaita, au waya wake umekatika ukutani.
4. Y kwenye bodi ya nje, ncha nyeusi sasa ikiwa kwenye C ya nje. Ipo ndani na haipo nje? Waya umekatika njiani, na mkosaji mara nyingi ni mashine ya kukatia majani au meno ya mbwa.
5. Kila upande wa swichi ya shinikizo la juu na la chini. Zimeunganishwa moja baada ya nyingine kwenye njia ya Y, na yoyote ikifunguka kompresa haiitwi.
6. Pande mbili za koili ya kontakta.

Volti zikiwepo nukta hii na kupotea nukta inayofuata, kosa liko kati yake. Kuna kanuni ndogo itakayokuokoa muda: ukiweka ncha mbili kwenye pande mbili za swichi na kusoma 24, swichi hiyo imefunguka. Ukiziweka kwenye koili na kusoma 24, koili imepewa haki yake; isipofanya kazi, yenyewe ndiyo mbovu.

Swichi ya shinikizo ikikutwa imefunguka, usiiruke kwa kipande cha waya kisha ukaenda zako. Ya chini imefunguka kwa sababu gesi imevuja au koili ya nje (mabomba yenye mapezi yanayopitisha gesi) imeziba kwa barafu. Ya juu imefunguka wakati wa joto mara nyingi kwa sababu hewa ya ndani haipiti, na chujio lililojaa vumbi ndilo la kwanza kutazamwa.

Wakati wa kupoza kuna swichi nyingine ambayo haimo kwenye mchoro wa kiwandani kwa sababu fundi aliiongeza: kielea cha sinia ya maji. Bomba la kutoa maji likiziba, maji yanapanda na kielea kinakata R au Y. Kikikata R, themostati inayotegemea umeme huo inazima kioo kabisa, na mwenye nyumba ananunua themostati mpya. Ukikuta kioo cheusi Julai, angalia sinia kwanza.

Mashine mpya zenye gesi ya R-454B au R-32, ambazo ndizo zilizoenea Marekani tangu 2025, huwekewa sensa ya kuvuja gesi kwenye mashine ya ndani. Ikihisi gesi, bodi yake inakata Y na kulazimisha feni izunguke ili kuitawanya. Plagi ya sensa ikichomoka matokeo ni yaleyale: feni haizimi, kompresa haiwaki. Tazama plagi, kisha usome taa ya bodi hiyo kabla hujaenda nje.

5. Kontakta, kapasita, kompresa

Sasa tumevuka kwenda upande wa 240.

Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na koili ya volti 24. Koili nzima, ikiwa imechomolewa nyaya, husoma kwa kawaida omu 10 hadi 20. Isiyosoma kitu imekatika. Inayosoma omu 1 au 2 imepiga shoti, na ndiyo iliyoua fyuzi. Meno yake hutazamwa kwa macho: weusi na mashimo ni uzee, na sisimizi waliokufa katikati ya meno ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani, miili yao inazuia meno kugusana. Ikiwa imefunga na mashine inafanya kazi, pima volti kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea wa mguu uleule. Inapaswa iwe karibu na sifuri. Ikifika volti 2, joto linazalishwa hapo, badilisha.

Kuna wanaoibonyeza kontakta kwa kijiti kuona kama kompresa itawaka. Usifanye hivyo. Umeruka saa ya kuchelewesha na swichi zote mbili za shinikizo kwa mpigo mmoja, na mkono wako uko sentimita chache kutoka volti 240.

Kapasita ya kawaida ni ya sehemu mbili kwenye kopo moja, imeandikwa mfano 45+5 mikrofaradi, volti 370 au 440. Ina terminali tatu: C, HERM ya kompresa, FAN ya feni. Ikishatolewa chaji na nyaya kuchomolewa, ipime: iliyoandikwa 45 ±6% isishuke chini ya 42.3. Kopo lililovimba juu halihitaji kupimwa. Ukibadilisha, mikrofaradi zibaki zilezile. Volti waweza kuzipandisha kutoka 370 hadi 440, kuzishusha hapana.

Dalili zinasomeka kwa sikio. Kompresa inanguruma sekunde chache, inakata kwa "tak", inatulia dakika kadhaa, inajaribu tena: sehemu ya HERM imedhoofika. Feni imesimama huku kompresa inaunguruma, na ukiisukuma mapanga kwa kijiti kirefu inaendelea kuzunguka: sehemu ya FAN.

Fundi mwenye klampu (kipima ampia kinachobana waya) anaweza kupima kapasita ikiwa kazini. Bana waya unaotoka HERM, pima volti kati ya HERM na C, kisha zidisha ampia kwa 2652 na ugawanye kwa volti hizo. Ampia 5.8 kwa volti 340 zinakupa mikrofaradi 45. Namba 2652 ni ya umeme wa hezi 60. Kwa hezi 50 za Afrika Mashariki tumia 3183, la sivyo utaitupa kapasita nzima kwa kudhani imedhoofika.

Kompresa ina waindi mbili na terminali tatu, C (komoni), S (ya kuanzia) na R (ya kuendeshea), ambazo si zile C na R za themostati. Umeme ukiwa umezimwa na nyaya zimechomolewa, pima omu kila jozi. C hadi R ni ndogo, C hadi S kubwa kidogo, na R hadi S ni jumla yao. Mfano: 0.9, 1.6, 2.5. Jumla ikikubali, waindi ni nzima. Kisha kila terminali hadi bomba la shaba lililokwanguliwa rangi: isisome kitu. Ikisoma omu kidogo, waindi imegusa bati na kompresa imekwisha. Ndiyo iliyokuwa ikiangusha breka papo hapo.

Usihukumu haraka ukikuta C haisomi na S wala R, lakini S na R zinasomana. Hiyo ni kinga ya ndani iliyofunguka kwa joto. Kompresa ikichemka inaweza kuchukua saa moja au zaidi kupoa. Mwagia maji gamba lake, umeme ukiwa umezimwa na terminali zimefunikwa, kisha pima tena. Kompresa nyingi zimetupwa zikiwa nzima, zilikuwa na joto tu.

6. Vali ya kugeuza na kuyeyusha barafu

Themostati yenye mpangilio usiofaa wa O/B ndiyo sababu ya kwanza ya mfumo kupoza ukiitwa upashe. Hakuna waya wa kubadilisha. Ingia kwenye mipangilio ya fundi ubadilishe O kuwa B au kinyume chake. Kampuni nyingi hutumia O, Rheem na Ruud hutumia B.

Mpangilio ukiwa sahihi na bado vali haigeuki, pima volti 24 kwenye koili yake. Fikiria pia koili ikifa mfumo unabaki wapi: mashine ya O hubaki kwenye joto, ya B hubaki kwenye baridi. Hivyo mashine ya O yenye koili mbovu huendelea kupasha joto Januari, kisha Mei inapuliza hewa moto. Usiivue koili kwenye vali ikiwa na umeme. Bila chuma cha katikati inavuta ampia nyingi na kuungua mkononi mwako.

Kwenye baridi, koili ya nje hukusanya barafu. Bodi inahesabu dakika za kompresa, ikiwekwa kwa pini kwenye 30, 60 au 90, na kisensa kilichobanwa kwenye bomba hufunga karibu na nyuzi 32 za Fahrenheit, yaani sifuri ya Selsiasi. Saa ikitimia na kisensa kikiwa kimefunga, bodi hufanya mambo matatu kwa pamoja: inageuza vali kama vile ni wakati wa kupoza ili gesi moto iende nje, inasimamisha feni ya nje, na inarudisha volti 24 ndani kupitia W ili hita ziwake na watu wasipulizwe hewa baridi. Hiyo ndiyo kazi ya waya wa W. Asipounga mtu, kila mzunguko wa kuyeyusha barafu nyumba inapata dakika kadhaa za upepo wa friji, na malalamiko yatakuwa "mara inapasha, mara inapoza".

Feni ya nje kusimama na mvuke mzito kupanda si hitilafu. Simu nyingi za "mashine yangu inawaka moto" ni huu mvuke. Hitilafu ni koili iliyogeuka bonge la barafu tangu asubuhi. Hapo pima kisensa: kikiwa na baridi ya barafu na bado kimefunguka, kimekufa. Kikiwa kimefunga na bodi haianzi hata ukigusisha pini za majaribio, bodi ndiyo. Kikiwa kizima na bodi nzima, tazama kama kamba yake bado imekibana vizuri kwenye bomba.

7. Hita za akiba, mahali pesa zinapopotelea

Kila kipande cha hita cha kW 5 huvuta ampia 20.8 kwenye volti 240 na kikiwa baridi husoma takriban omu 11.5. Seti ya kW 10 ni ampia 41.7, ukiongeza feni na kuzidisha kwa 1.25 utaelewa kwa nini breka ni ya 60. Kwenye njia yake kuna swichi ya joto kupita kiasi na fyuzi ya kuyeyuka. Nyingi huwashwa na rilei ya joto inayochelewa: W ikija inangoja kwanza ipate moto, na W ikiondoka hita huendelea kidogo. Usiseme imenata mpaka umengoja dakika mbili tatu.

Hitilafu ya gharama kubwa kuliko zote haina dalili. Mashine ya nje imekufa Desemba, themostati imeona joto halipandi, ikaita W. Nyumba ina joto, hakuna anayelalamika, na kW 10 zinaungua kutwa. Hita hutoa kW 1 ya joto kwa kila kW 1 ya umeme. Pampu, siku isiyo na baridi kali, hutoa kama 3. Ili kujua, chagua siku ya nyuzi 45 za Fahrenheit (kama 7 za Selsiasi), acha nyumba itulie kwenye joto lake, kisha bana klampu kwenye waya mmoja wa mashine ya ndani. Ampia chache ni feni tu. Ishirini au arobaini ni hita, na hapo nenda nje ukaanze na Y.

8. Fyuzi ya volti 24 inayoungua kila mara

Usimalize pakiti nzima ya fyuzi ukitafuta. Nunua kibreka kidogo cha ampia 3 kinachobonyezwa kurudi, kichomeke mahali pa fyuzi. Chomoa nyaya zote zinazokwenda nje. Washa. Kikikaa, shoti iko nje. Kikiruka, iko ndani au kwenye waya wa themostati. Rudisha waya mmoja mmoja, ukiita joto kisha baridi, mpaka kiruke. Kikiruka kwa Y, tazama koili ya kontakta. Kikiruka kwa O, koili ya vali. Kikiruka kwa R peke yake, waya umechubuka, na mahali pa kwanza kutazama ni pale unapopita pembeni mwa bomba la shaba ukutikiswa na kompresa tangu siku ulipofungwa.

9. Mashine za inveta

Zile za ukutani, ambazo ndizo pia zimejaa Afrika Mashariki, hazifuati herufi hizi. Kati ya ndani na nje kuna waya wa nyuzi nne: mbili za umeme, moja ya mawasiliano, na ethi. Marekani zinaandikwa 1, 2, 3. Kwetu mara nyingi L, N na S. Ukipishanisha mbili, bodi haziongei na kioo kinaandika namba ya kosa. Usiunge kiungo katikati ya waya huo, hasa kwenye ule wa mawasiliano. Hakuna kapasita ya kopo wala, mara nyingi, kontakta. Kuna bodi yenye volti zaidi ya 300 za DC zinazobaki baada ya kuzima. Ngoja muda ulioandikwa kwenye kifuniko, kisha pima DC kabla ya kugusa.

Kazi ikiisha, iwe ya mfumo gani, acha mashine ifanye kazi dakika 15, kisha andika ndani ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika: tarehe, joto la nje, volti kati ya L1 na L2, ampia za kompresa zikilinganishwa na RLA (ampia za kompresa ikiwa na mzigo wake) ya kibandiko, ampia za feni, na mikrofaradi za kapasita. Atakayefungua mwaka ujao ataona kama kapasita imeshuka kutoka 45 hadi 43, au ampia zimepanda kwa joto lilelile, na atajua aanzie wapi.